Sauti ya Chini ya Orpha Stiltner

Wageni wanaofika Caney Fork siku hizi huja na swali moja: nyumba waliyozaliwa akina Stiltner iko wapi? Nawaonyesha. Iko pale juu ya kijito, limebaki bomba la moshi na ngazi za mawe ambazo haziendi popote. Wanapiga picha na ngazi, wanafurahi, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nyumba ya Orpha, na ni hiyo hiyo wanayoegesha magari yao mbele yake, yenye baraza la mbao na kuku.

Mimi naitwa Imogene. Mama yangu na mama yao ni mtu na dada yake, kwa hiyo ninayosema nayasema kama wa nyumbani, na asiyetaka asisikilize.

Walikuwa watatu: Delbert mkubwa, Orpha wa katikati, na Rayburn kitinda mimba. Baba yao alikuwa mchimba makaa, na kila jioni akishanawa vumbi jeusi aliwasimamisha jikoni na kuwagawia sauti. Delbert alipewa wimbo wenyewe, ile sauti ambayo kila mtu anaijua. Rayburn akapewa ya juu. Orpha, kwa kuwa koo lake lilikuwa zito tangu utotoni, akapewa ya chini. Sauti ya chini si wimbo. Ukiisikia peke yake utadhani ni mtu anayezunguka chumbani akitafuta miwani yake. Lakini iweke chini ya zile mbili, basi kila kitu kinakaa mahali pake.

Rayburn alikuwa na ila moja. Alichelewa kuingia. Wenzake wameshaanza mstari, yeye bado anatafuna, au anacheka, au anamtekenya dada yake, ndipo anakurupuka na kudandia neno la tatu kule juu. Baba yao alimpiga makofi ya kisogoni mpaka akachoka mwenyewe. Miaka ya baadaye magazeti ya Nashville, mji wa muziki, yaliandika kwamba kuchelewa kule ni ufundi wa hali ya juu, kwamba hakuna kundi lingine linaloweza kuuiga. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Baba yao alipoangukiwa na mwamba mgodini akafa, watoto waliendelea kuimba. Redio ndogo ya mjini ilikuwa na kipindi cha Jumamosi adhuhuri kilicholipiwa na kinu cha unga, wakachukuliwa. Malipo yao yalikuwa unga huo huo, na mama yao hakuona ubaya. Delbert alipiga gita, Rayburn banjo, Orpha alisimama katikati mikono nyuma. Kipindi kikianza hukuona mtu barabarani Caney Fork. Hata mbwa walikuwa ndani.

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja, na ndipo watu wa nje wanapotuona wehu. Kanisani kwetu hakuna kinanda wala gita. Mzee husoma mstari haraka haraka, nasi tunaupokea na kuuvuta taratibu, wote pamoja. Na aliyebatizwa hapigi tena muziki wa kulipwa, wala hasimami jukwaani penye dansi na pombe. Ndiyo maana kwetu hakuna haraka ya kubatizwa. Watu huja kila Jumapili, wanalia, wanashika mikono, wanakula chakula cha pamoja uani, lakini mtoni wanakwenda wakishaota mvi. Mtu anamaliza dansi zake kwanza. Mpiga banjo mzuri hupiga mpaka vidole vigome, kisha huitundika banjo ukutani na kumpa mchungaji mkono, ndiyo kuomba ubatizo. Kila mtu anaijua hesabu hiyo, wala haifundishwi. Orpha peke yake ndiye aliyeikosea.

Alikuwa na miaka ishirini. Siku moja ya Februari alikwenda kisimani, akakawia sana, na mama yake alipomfuata alimkuta amesimama na ndoo, maji yameanza kuganda pembeni. Hakuwahi kusema aliona nini au alisikia nini. Jumapili akapita mbele ya watu wote, akampa mchungaji wetu, Ndugu Estill, mkono wake. Walipasua barafu kwa shoka wakambatiza. Wanawake waliokuwa ukingoni walinong'onezana kwamba lazima ana mimba. Hakuwa nayo, na baadhi ya wanawake hao nawajua kwa majina.

Wiki iliyofuata mwanamume mmoja wa Nashville, aliyekuwa akipita zake kuelekea Virginia, aliwasikia redioni akasimamisha gari. Alipanda mpaka nyumbani kwa viatu vya mjini. Alisema anawataka wote watatu, atawatolea santuri, na kwamba hajasikia sauti zilizoshikana namna ile tangu azaliwe. Orpha alimpa kahawa, kisha akamwambia yeye hataweza, ameshabatizwa. Yule bwana alidhani anatafuta kubembelezwa.

Alipoondoka, Delbert alifunga mlango, mimi nikiwa mle ndani.

"Hukuweza kungoja?"

"Sikuambiwa ningoje, kaka."

"Hukuambiwa na nani? Maana nyumba yenyewe ndogo hii, na mimi sikusikia mtu akikuita."

"Usinitanie kwa hili."

"Sikutanii, nakuuliza! Bibi alibatizwa ana miaka sabini, na mbinguni kafika vizuri tu. Wewe una haraka ya nini? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi kinakuwasha nini?"

Rayburn alikuwa amekaa kwenye sanduku la kuni. Alianza kucheka, kisha nikaona si kicheko. "Dada," akasema, "sasa nani ataimba chini?"

Orpha ndiye aliyemtafuta mtu. Alikuwa Hollis Teague, fundi wa magari wa mjini, mwenye sauti nzuri na kichwa kigumu. Akamfundisha mwenyewe, jikoni, huku akimenya maharage, kwa kuwa kumfundisha mtu kuimba bila malipo si mwiko.

"Hapo usipande," alimwambia.

"Mbona hapa hakuna cha kuimba? Sauti ni ile ile, ile ile, ile ile."

"Ndiyo kazi yenyewe, Hollis. Wewe kaa. Waache wenzako watembee."

"Nitalala nimesimama!"

"Lala. Ila ukiwa hapo hapo."

Siku Hollis alipoushika ule wimbo wa baba, wimbo wa mtoni ambao marehemu aliupenda kuliko zote, Orpha alijifuta mikono. "Basi leo tuimbe sisi watatu kabla hamjaondoka," akasema. "Mara moja tu, kwa ajili ya baba."

Delbert alivaa kofia. "Kama hutaki kuimba nasi mbele za watu, hutaimba nasi jikoni." Akaapa kwa kaburi la baba yao kwamba hatafungua mdomo wake mahali ambapo dada yake amefungua wa kwake, mpaka siku atakayopanda jukwaani. Na akina Stiltner wakishaapa wameapa, wangefia hapo. Rayburn aliangalia sakafu, kisha akamfuata kaka yake nje.

Tangu siku hiyo Orpha alitaka kitu kimoja: kuimba tena na ndugu zake wawili, wote watatu, wimbo mmoja, kabla mmoja wao hajafa. Aliniambia hivyo kwa mdomo wake, na hakurudia tena. Hakuhitaji kurudia.

Mambo yaliwaendea kasi wale. Santuri yao ya kwanza ilipigwa kwenye mashine za sarafu za kila mkahawa kutoka kwetu mpaka Ohio, walikokwenda vijana wetu kutafuta kazi za viwanda vya magari, na vijana hao walilia mbele ya sahani zao. Wakapanda jukwaa kubwa la Nashville lile linalorushwa redioni Jumamosi usiku. Wakaonekana kwenye televisheni. Wakapata basi lenye majina yao ubavuni, na suti nyekundu zenye mawaridi ya kudarizi ambazo mama yao alipoziona alimuuliza Delbert ni pazia la nani hilo. Rayburn alioa, akaacha, akaoa, akaacha, akaoa. Delbert alimletea mama jokofu kubwa kuliko mlango wa jikoni, ikabidi ung'olewe mlango, na majira yote ya baridi mama alipika amevaa koti.

Na chini ya nyimbo zote hizo ilikuwapo sauti ya Orpha katika koo la Hollis. Nilipowasikia redioni nilikuwa naisikia waziwazi, kila pumzi, kila mahali alipokaa wenzake wakatembea. Ilinichoma. Orpha mwenyewe aliongeza sauti ya redio, akaendelea kupiga pasi.

Aliolewa na Arvil Bates, mchimba makaa, mtu wa maneno machache na mapafu mabovu, akafanya kazi jiko la shule mpaka alipostaafu. Akiwa anakanda unga aliimba. Aliimba ya chini tu. Watoto waliopanga mstari na sinia zao walimwigiza, wakasema Bi Orpha ananguruma. Mwaka mmoja alikuja mwalimu mkuu mgeni, akasikia kwamba mpishi wake ni dada wa watu maarufu, akamwomba aimbe kwenye sherehe ya kufunga shule. Orpha akasimama, mikono nyuma, akaimba wimbo mzima kwa sauti yake ya chini, na mahali pa kupumzika akapumzika. Watu walitazama viatu vyao. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Kumbe kipaji kiliishia kwa kaka zake." Nilikuwa nimeshika pai ya tufaha, na namshukuru Mungu kwamba niliipenda ile pai mno hata nisimtupie.

Tukirudi nyumbani nilimfokea. "Kwa nini huimbi wimbo kama watu wengine? Unaujua!"

"Wimbo ni wa Delbert," akasema. "Nikiuchukua mimi, akirudi ataimba nini?"

Walirudi mama yao alipofariki. Walisimama upande mmoja wa kaburi, Orpha upande wa pili. Ndugu Estill aliusoma mstari wa kwanza wa wimbo wa mtoni, watu wote wakapokea, na wale wawili walioimba mbele ya maelfu wakasimama midomo imefungwa. Wageni walidhani ni huzuni. Mimi niliyekuwepo siku ya kiapo nilitamani kuwasukumia shimoni. Orpha aliimba ya chini mpaka mwisho, akaenda kupakua chakula.

Halafu ikaja Agosti ile wilaya ilipoamua kuipa barabara yetu jina lao. Walijenga jukwaa mbele ya mahakama, wakapaka rangi hata matenki ya maji. Wakamtumia Orpha ujumbe: apande, aimbe wimbo mmoja tu na ndugu zake, hakutakuwa na pombe. Watu kutoka majimbo matano watakuwepo. Akakataa. Alisema bado ni jukwaa, na bado ni pesa. Duka zima la vyakula likasema Orpha ana kiburi, anawaonea wivu ndugu zake, na mengine ambayo sitaki kuyasema.

Jumamosi hiyo, sherehe ilipokwisha, Delbert alikuja kwake. Nilikuwepo, napukuchua mahindi, kwa hiyo hili sikusimuliwa. Aliingia na suti yake ya mawaridi, jasho linamtoka, kichwa chote cheupe.

"Umenitia aibu mbele ya watu," akasema.

"Kaa ule."

"Sikuja kula."

"Maharage yana nyama ya nguruwe."

Akakaa. Akala maharage na mkate wa mahindi, akaongeza. Orpha akamkatia pai, kisha akaenda kwenye vyombo, na kwa mazoea tu, maana alikuwa amesahau kwamba kuna mtu, akaanza. Ulikuwa wimbo wa mtoni. Aliimba ya chini, akatulia pale panapotulia, akasubiri, akaendelea. Kijiko cha Delbert kilisimama hewani. Nilimwona akihesabu. Kila nafasi iliyoachwa ilikuwa yake yeye na ya Rayburn, ina urefu wao kamili, haikupungua hata pumzi moja. Midomo yake ilianza kwenda, lakini sauti haikutoka.

"Unaimba hivyo siku zote?" akauliza.

Orpha alishtuka, akageuka. "Hivyo vipi?"

"Kama vile tupo."

"Ili mkija mkute nafasi," akasema, akarudi kwenye sahani zake.

Delbert alichukua kofia akatoka. Pai hakuimaliza, na mimi sijawahi kumwona mtu wa ukoo wa Stiltner akiacha pai.

Kesho yake asubuhi tulimkuta kanisani, benchi la mwisho, na shati la kawaida. Ulipofika wimbo wa mwisho, ule tunaouimba huku tukishikana mikono, alisimama akaanza kutembea. Alitembea kama mtu anayevuka mto wenye mawe ya utelezi. Alipofika mbele alimpa Ndugu Estill mkono, na mzee yule, ambaye macho yalikuwa karibu kuzimika, aliupapasa ule mkono, akakuta sugu za nyuzi za gita, akamjua. Kanisa zima lilipiga yowe. Orpha alishika benchi la mbele yake.

Rayburn alikuwa nje, amekuja na gari lake refu kumchukua kaka yake. Alipopata habari hakuamini.

"Tuna onyesho Knoxville Ijumaa!" akasema. "Tuna ziara mpaka mwakani! Hukuweza kungoja?"

"Nimengoja, Ray," Delbert akasema. "Ndilo kosa langu."

"Na kiapo chako?"

"Niliapa vibaya."

"Na mimi je? Nikaimbe juu ya nani sasa? Juu ya Hollis? Hollis analala amesimama!" Akamgeukia dada yake, aliyekuwa amebeba sufuria kwa ajili ya chakula cha pamoja. "Umefurahi sasa, dada?"

"Bado," Orpha akasema.

Rayburn aliondoka akitimua vumbi juu ya vyakula vya watu.

Jumapili iliyofuata tulikwenda mtoni, pale chini ya daraja. Maji yalikuwa vuguvugu na machafu kidogo, kama kawaida ya Agosti. Ndugu Estill alishikwa na vijana wawili ili asichukuliwe na mkondo. Delbert akazamishwa, akainuka akikohoa, na mzee akausoma mstari wa wimbo wa mtoni. Orpha alikuwa ukingoni na taulo. Akaanza ya chini. Na Delbert, maji yakiwa kiunoni, kamasi zinamtoka, akaimba wimbo wake, sauti ikitetemeka vibaya. Haikuwa nzuri, nasema kweli. Sijawahi kufurahi namna ile.

Ndipo nilipoliona gari. Lilikuwa limesimama darajani, na Rayburn ameegemea reli, kofia kichwani, sigara mdomoni. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Nilimkazia macho nikimtukana moyoni kwa matusi ambayo hayafai mtoni. Wa tatu ukapita. Orpha hakuinua uso hata mara moja. Mzee akausoma mstari wa ubeti wa mwisho, tukaupokea, neno la kwanza, la pili.

Hapo sauti ya juu ikatushukia kutoka darajani.

Watu wengine wote walinyamaza. Hakuna aliyeambiwa, tulinyamaza tu. Walibaki watatu, mmoja majini, mmoja ukingoni, mmoja juu ya daraja, na nikaona jiko la mama yao, na baba yao amesimama pale, ameshanawa vumbi. Nililia kwa kelele, sioni haya. Orpha hakulia wala hakugeuka. Alishika ile sauti yake mpaka neno la mwisho, maana angeinua kichwa ingemponyoka. Ulipokwisha tukasikia mlango wa gari, kisha injini. Rayburn hakushuka kula.

Kundi liliishia hapo. Rayburn aliunda lingine na watu wa kukodi, likaimba kwenye maonyesho ya mifugo huko Texas, na sikusikia tena magazeti yakisifu kuchelewa kwake. Delbert aliishi nasi msimu mmoja wa vuli, akawa anamchanjia dada yake kuni, wakaimba jikoni wawili kila jioni. Machi moyo wake ulisimama akiwa amekaa barazani. Rayburn alifika tumeshafukia.

Baada ya mazishi nilibaki na Orpha kumsaidia vyombo. Nilikuwa na hasira, sijui na nani.

"Umri wote ule, Orpha," nikasema. "Umri wote, kwa ubeti mmoja."

"Hata huo haukutimia," akasema. "Maneno mawili yalishapita." Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani sasa analia, kumbe anacheka. "Siku zote anachelewa kuingia, huyo!"

Akajifuta macho kwa kiwiko, akachukua sahani, akaanza wimbo wa mtoni, ya chini, akitulia pale panapotulia. Mimi naujua wimbo ule, na koo lilikuwa linaniwasha. Nikanyamaza, nisije nikakaa kwenye nafasi ya mtu.